Orodha za kuzuia IP na kufungua faili zako ukiwa mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu seva ndogo za nyumbani na za ofisi zinazotumia Transmission na qBittorrent (za torenti), Nextcloud na Synology (za kuhifadhi faili) na nyinginezo kama hizo, pale ambapo orodha ya kuzuia anwani za IP inamfungia mwenye mali mwenyewe. Anwani za mifano, kama 203.0.113.25, zimetengwa kwa ajili ya maelezo tu. Mahali zilipo weka zako.

## Mambo ya msingi

Orodha ya kuzuia inahusianaje na mimi kufungua faili zangu mwenyewe?

Jina ni moja lakini mambo ni manne, na watu wengi huhangaika kwa sababu wanarekebisha moja huku kosa liko kwenye lingine.

Kuna orodha inayowekwa ndani ya programu ya torenti ili isizungumze na kompyuta fulani. Kuna ile inayowekwa kwenye ruta au faiwoli, inayokata kila paketi kabla haijafika kwenye programu yoyote. Ya tatu hujiandika yenyewe: ukikosea nywila mara kadhaa, programu yenyewe au fail2ban (inayofungia anwani zinazokosea nywila) inaiandika anwani yako na kuifungia kwa muda. Ya nne ni orodha za sifa za anwani, zinazotunzwa na watu wengine huko duniani, na seva yako inazisoma na kuziamini. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jua unapambana na ipi.

Orodha niliyoiweka ndani ya Transmission au qBittorrent inaweza kunifungia ukurasa wa usimamizi?

Hapana. Katika programu hizi mbili orodha hiyo inawahusu washirika wa torenti tu, yaani kompyuta unazobadilishana nazo faili. Ukurasa wa usimamizi, ambao kwa kawaida uko poti 9091 kwa Transmission na 8080 kwa qBittorrent, una ulinzi wake tofauti (tazama sehemu ya "Programu moja moja"). Ukizima orodha ya washirika na ukurasa ukafunguka wakati huohuo, huenda kilichosaidia ni kule kuizima na kuiwasha programu.

PeerBlock ya Windows na PeerGuardian ya Linux ni habari nyingine. Hizo hukaa chini ya programu zote, kwa hiyo zinazuia torenti, ukurasa wa usimamizi, SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) na kila kitu.

Nitajuaje kama ni orodha inayonizuia, au ni tatizo jingine?

Soma namna unavyokataliwa. Ukiwa nje, tumia kompyuta au Termux (programu ya amri za Linux) kwenye simu:

`curl -v --max-time 15 http://anwani-yako:9091`

Ikingoja hadi muda uishe bila jibu lolote, paketi zinatupwa kimya: faiwoli, ruta, CGNAT (imeelezwa hapa chini), au orodha iliyo chini ya programu. Ikisema `Connection refused` papo hapo, umefika kwenye mashine lakini hakuna programu inayosikiliza poti hiyo, au faiwoli imeagizwa ikatae kwa sauti badala ya kunyamaza. Ukipata `403` au `401`, mtandao hauna kosa: umeifikia programu na programu ndiyo inayokukataa. Hapo achana na ruta.

Kwa hali ile ya kimya, ingia kwenye seva kwa njia nyingine (au mwombe aliye karibu nayo) na uendeshe `sudo tcpdump -ni any port 9091` huku mtu akijaribu kutoka nje. Paketi zikionekana zinaingia na hakuna jibu linalotoka, seva yenyewe ndiyo inayozuia, maana tcpdump huziona paketi kabla faiwoli ya Linux haijazitupa. Zisipoonekana kabisa, kizuizi kiko mbele: kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Jaribio hili moja huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Nikiwa nyumbani kwa Wi-Fi yangu, anwani ya nje haifunguki. Nimefungiwa?

Si lazima. Ruta nyingi za nyumbani haziwezi kutoa ombi kutoka ndani, kwenda anwani ya nje, na kulirudisha ndani. Zima Wi-Fi kwenye simu, tumia data, jaribu tena. Jaribio la "kutoka nje" lililofanywa ukiwa ndani halikuelezi lolote.

Yawezekana ni intaneti tu?

Inawezekana. Nyaya za baharini kama TEAMS, SEACOM na EASSy zinatua Mombasa, na zinapokatika huduma huyumba nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na athari zikafika hadi Kenya. Tofauti ni hii: waya ukikatika, kila kitu huwa kizito na hubadilikabadilika, lakini orodha haibahatishi. Anwani ileile itakataliwa kila mara kwa namna ileile, huku ya jirani ikipita.

## Anwani yako ni ipi hasa

Niliiruhusu anwani yangu jana na leo nimefungiwa tena. Kwa nini?

Kwa sababu si yako. Laini nyingi za nyumbani hupewa anwani ya muda. Stima ikikatika na ruta ikiwaka upya, unaweza kupata nyingine. Data za simu hubadilika zaidi: unaondoka Nyali na anwani moja, unashuka kwenye feri Likoni ukiwa na nyingine.

Usijaribu kuandika safu nzima ya anwani za mtoa huduma ili uwe salama. Ukiruhusu safu ya /16 umezifungulia mlango anwani 65,536, na faida ya kuwa na orodha haipo tena. Kama lazima uruhusu kwa anwani, lipia anwani ya kudumu upande mmoja angalau. Kama huwezi, tumia WireGuard, programu ya VPN ambayo inakutambua kwa ufunguo wa siri, anwani iwe yoyote ile. Poti yake ya kawaida ni UDP 51820 na haimjibu mtu asiye na ufunguo, kwa hiyo hata anayeipekua poti haoni kitu. Kwa maoni yetu hili ndilo suluhisho la nusu ya maswali yaliyo kwenye ukurasa huu.

Nimeweka jina la DDNS (linalofuata anwani inayobadilika) kwenye faiwoli badala ya namba. Mbona lilifanya kazi siku moja tu?

`iptables`, faiwoli ya Linux, hulitafsiri jina mara moja, pale sheria inapoingizwa, kisha inabaki na namba ile daima. Kwenye faiwoli ya pfSense tumia alias yenye jina: hutafsiriwa upya kila dakika 5 hivi. Ruta ya MikroTik nayo inakubali jina ndani ya `address-list` na huliangalia tena kufuatana na muda wa rekodi ya DNS. Kwenye Linux tupu, andika skripti fupi ya cron (inayojiendesha kila baada ya muda) inayobadilisha anwani ndani ya ipset, orodha ya anwani inayosomwa na faiwoli.

CGNAT ni nini, na nitajuaje kama niko nyuma yake?

Ni pale mtoa huduma anapowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya WAN (upande wa nje), kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kuangalia IP. Zikitofautiana, na hasa ile ya WAN ikianza na 10. au ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT.

Madhara ni mawili. Kama seva ndiyo iliyo nyuma yake, kufungua poti kwenye ruta yako hakusaidii hata kidogo, ufungue utakavyo. Kama ni simu yako, anwani inayofika kwenye seva unaigawana na watu usiowajua. Mmoja wao akifanya uchafu, anwani inaingia kwenye orodha za sifa na nyote mnabeba lawama.

Anwani yangu iko kwenye orodha ya Spamhaus. Niombe itolewe?

Spamhaus hutunza orodha kadhaa za sifa za anwani, kwa hiyo kwanza angalia ni ipi. PBL si tuhuma: ni orodha ya anwani za wateja wa kawaida ambazo hazitarajiwi kutuma barua pepe moja kwa moja, na laini za nyumbani kuwemo ni jambo la kawaida kabisa. Kosa ni la aliyeitumia PBL kuchuja watu wanaofungua faili, maana haikutengenezwa kwa kazi hiyo. XBL ni jambo zito zaidi, kwa kuwa huashiria mashine iliyoambukizwa. Changanua kompyuta na simu zote za nyumbani kabla ya kuomba chochote, la sivyo utarudishwa mule mule. Kama uko nyuma ya CGNAT huenda mgonjwa si wewe, na kuomba uondolewe ni kazi bure.

## Programu moja moja

Transmission inaniambia `403: Forbidden`. Nifanye nini?

Hiyo ni `rpc-whitelist`, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kufungua ukurasa wa usimamizi. Kwa kawaida inaruhusu mashine yenyewe tu. Kwenye Debian na Ubuntu:

1. `sudo systemctl stop transmission-daemon`
2. Fungua `/etc/transmission-daemon/settings.json` na uandike, kwa mfano, `"rpc-whitelist": "127.0.0.1,192.168.1.*"`
3. `sudo systemctl start transmission-daemon`

Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa sana. Transmission ikizimwa huandika faili hilo upya kutoka kwenye kumbukumbu yake, kwa hiyo ukilihariri ikiwa hai mabadiliko yako yanafutwa pale unapoiwasha upya. Watu huapa kwamba "mpangilio haushiki" kumbe ni hilo.

Ukipata `421` badala ya `403`, umefika kwa jina ambalo programu hailijui. Ongeza jina hilo kwenye `rpc-host-whitelist`. Namba `409` si kosa, ni programu inayodai kitambulisho cha kikao, na programu za simu hulishughulikia zenyewe.

qBittorrent imenifungia baada ya kukosea nywila. Muda gani?

Kwa kawaida, makosa 5 mfululizo hukufungia sekunde 3600, yaani saa moja. Zuio liko kwenye kumbukumbu tu, hivyo ukiizima na kuiwasha programu linafutika. Tangu toleo la 4.6.1, kama hujaweka nywila yako, programu hutunga nywila ya muda kila inapowaka na kuiandika kwenye logi (kumbukumbu za matukio). Ile ya zamani, `adminadmin`, haikubaliwi tena, na hapo ndipo wengi hufungiwa wakiirudia.

Nextcloud haikatai, ila imekuwa nzito kupita kiasi nikitumia simu. Ni intaneti?

Huenda ni ulinzi wake wa nywila. Nextcloud huanza kwa kukuchelewesha, hadi sekunde 25 kwa kila ombi, kabla ya kukukatalia wazi kwa `429`. Chanzo cha kawaida: ulibadilisha nywila, lakini simu au kompyuta kuukuu ya ofisini bado inasukuma ile ya zamani kila baada ya dakika chache. Ukilifuta zuio bila kuitafuta mashine hiyo, litarudi kabla chai haijapoa.

Kufuta: `sudo -u www-data php occ security:bruteforce:reset 203.0.113.25`, kutoka ndani ya folda ya Nextcloud.

Synology imeifungia ofisi nzima kwa kosa la mtu mmoja. Inawezekanaje?

Wote mnatoka kwa anwani moja ya nje, na Synology inahesabu anwani, haihesabu watu. Kwa kawaida inaruhusu makosa 10 ndani ya dakika 5. Ingia kwa anwani nyingine (data ya simu inatosha), nenda `Control Panel`, kisha `Security`, kisha `Protection`, ufungue orodha ya kuruhusu na kuzuia. Futa zuio, halafu iweke anwani ya ofisi kwenye upande wa kuruhusu ikiwa ni ya kudumu. Kama si ya kudumu, rudi kwenye swali la anwani zinazobadilika.

Natumia PeerBlock au PeerGuardian. Niruhusu vipi ukurasa wa usimamizi?

Kwenye PeerBlock, tazama dirisha la logi wakati mtu anajaribu kutoka nje. Mstari mwekundu wenye anwani yake ukitokea, ubofye kwa kitufe cha kulia na uruhusu. Chaguo la kuruhusu HTTP halitakusaidia, kwani linahusu poti 80 na 443 tu, na ukurasa wako uko kwingine. PeerBlock yenyewe ilikoma kuendelezwa miaka mingi iliyopita, tungeiondoa.

Kwenye PeerGuardian ya Linux, hariri `/etc/pgl/pglcmd.conf`, uongeze `WHITE_TCP_IN="9091"`, kisha `sudo pglcmd restart`. Ukitaka kuruhusu anwani badala ya poti, iandike kwenye `/etc/pgl/allow.p2p`.

Orodha pana za aina hii hufunika mamia ya mamilioni ya anwani, na nyingi zimeuzwa au kugawiwa upya tangu zilipoandikwa. Kwa hiyo mteja wa Mtwapa anaweza kukataliwa kwa dhambi ya kampuni iliyoimiliki anwani ile zamani.

## Faiwoli na ruta

Nimeiweka anwani kwenye orodha ya kuruhusu lakini bado inazuiwa.

Angalia mpangilio wa sheria. Sheria husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua. Ruhusa ikiwa chini ya zuio haisomwi kamwe. `sudo iptables -L INPUT -nv --line-numbers` inakuonyesha mpangilio pamoja na hesabu ya paketi. Jaribu kuingia kutoka nje, uangalie ni mstari upi hesabu yake imepanda.

Kwenye MikroTik kuna mtego zaidi. Jedwali la `raw` hutangulia `filter`, kwa hiyo kama orodha imewekwa kwenye `raw`, ruhusa yako ya `filter` haitaokoa kitu. Iweke kwenye `raw` pia, juu ya zuio.

fail2ban imenifungia. Nijitoeje?

`sudo fail2ban-client status` inaonyesha magereza (jail) yote, yaani makundi ya sheria za kufungia; ongeza jina la gereza uone waliomo. Kujitoa kwenye yote kwa pamoja: `sudo fail2ban-client unban 203.0.113.25`. Zuio la kawaida ni dakika 10 baada ya makosa 5. Likichukua siku badala ya dakika, huenda uko kwenye `recidive`, linalowafungia wiki nzima wanaorudiarudia. Anwani ambazo hazipaswi kuguswa ziandikwe kwenye `ignoreip` ndani ya `/etc/fail2ban/jail.local`.

Ukitumia CrowdSec, inayofanya kazi kama fail2ban, endesha `sudo cscli decisions list -a`. Bila `-a` huoni zile zilizotoka kwenye orodha ya jumuiya, na mara nyingi hizo ndizo.

Nimefuta zuio, na mara moja moja bado naona tabia ya ajabu.

Faiwoli inakumbuka mawasiliano yaliyokwishaanza. Ndiyo maana pia ukimfungia mtu aliye katikati ya kupakua, huendelea hadi amalize. Safisha kwa `sudo conntrack -D -s 203.0.113.25` kisha ujaribu upya.

Orodha yangu inaingia nusu tu, na logi inasema `Hash is full`.

ipset huanza na nafasi 65,536. Itengeneze upya kwa `maxelem 262144`, au zaidi ikihitajika. Hatari ya nusu orodha ni kwamba leo unazuiwa na kesho huzuiwi, kutegemea mstari wako ulipoangukia.

## Hali zisizo za kawaida

Tailscale iliacha kufanya kazi siku nilipoweka orodha mpya.

Tailscale, ambayo ni VPN, hutumia anwani za 100.64.0.0/10, zilezile zilizotengwa kwa CGNAT. Orodha za "anwani zisizopaswa kuonekana kwenye intaneti", ikiwemo FireHOL level1, zinazijumuisha, pamoja na 10.0.0.0/8 na 192.168.0.0/16. Ukiitumia orodha hiyo bila kutaja upande, unaikata Tailscale na unaweza kujikata hata wewe uliye chumba cha pili. Ifunge kwenye kiolesura cha WAN tu, kwa mfano `-i eth0`. Kama WAN yako yenyewe iko nyuma ya CGNAT, toa safu ya 100.64.0.0/10 kabisa.

Seva iko nyuma ya proksi (seva inayopokea maombi na kuyapitisha), na mtu mmoja akikosea wote wanafungiwa.

Programu inaona anwani ya proksi tu na inadhani wote ni mtu mmoja. Kwenye Nextcloud jaza `trusted_proxies`. Kwenye qBittorrent washa chaguo la proksi na utaje anwani yake. Docker, inayoendesha programu ndani ya makasha, huleta balaa hilohilo: logi zikionyesha wageni wote wanatoka 172.17.0.1, usithubutu kuwasha fail2ban kabla hujalitatua. Tena kumbuka kwamba poti zilizochapishwa na Docker hazipiti `INPUT`. Mazuio yake yawekwe kwenye `DOCKER-USER`, la sivyo fail2ban itajigamba imemfungia mtu huku anaendelea kuingia.

Nilizuia nchi zote isipokuwa Kenya. Sasa ndugu yangu aliye Muscat, na hata mimi wakati mwingine, hatuingii.

Wa Muscat umemfungia mwenyewe. Wewe unakwama kwa sababu hifadhidata za nchi hukosea, hasa kwa anwani zilizobadilisha mmiliki karibuni, na kwa simu yenye VPN inayotokea London. Kuzuia kwa nchi hupunguza kelele kwenye logi, lakini mlango hauwi imara kwa hilo. Msafiri mpe WireGuard.

Picha ndogo zinapanda, lakini folda ya harusi nzima inakataa. Ni orodha?

Si orodha. Orodha haiangalii ukubwa. Tafuta namba `413`: Cloudflare ya bure ina kikomo cha MB 100 kwa ombi moja, na nginx ina `client_max_body_size` ambayo kwa kawaida ni MB 1.

Kwa Wi-Fi ya ofisi nazuiwa, kwa data napita, na anwani yangu haimo kwenye orodha yoyote.

Angalia kama moja ya njia hizo inatumia IPv6, mfumo mpya wa anwani. Orodha nyingi ni za IPv4 tu, na sheria za `iptables` haziigusi IPv6, yenye `ip6tables` yake. Jaribu `curl -4` na `curl -6` mbalimbali. Kama ya 6 inapita na ya 4 inakataliwa, kwenye IPv6 huna ulinzi uliodhani unao, na hilo ni tatizo kubwa kuliko lile ulilokuja nalo.

Saa za kwenye logi hazilingani na wakati niliofungiwa.

Logi za Docker na za seva nyingi ni za UTC (saa ya kimataifa), saa 3 nyuma ya Afrika Mashariki. Ukifungiwa saa nane mchana, tafuta 11:00. Ukizungumza na fundi aliye nje ya nchi mpe muda kwa UTC, ukimtumia pamoja na anwani ya nje uliyokuwa nayo dakika ile. Anwani uliyonayo sasa inaweza kuwa nyingine.